Kronografu ya Ukumbini: Kwanza Ujue Itakaa Wapi

Huku Minnesota, theluji ikishaanza, walenga shabaha huhamia kumbi za ndani, nami huanza kuulizwa: ndugu, ninunue kronografu ipi ya kupimia kasi ya risasi? Wengi huanzia kwenye bei. Mimi nawaambia waanzie kwenye mahali. Kifaa hicho kitakaa mbele ya mtutu, kwenye mtutu wenyewe, au mezani pembeni yako?

Zamani jibu lilikuwa moja tu: mbele. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alieleza namna ya kupima kasi kwa kuipiga risasi kwenye ubao mzito unaoning'inia, kisha kupima ubao umesogea kiasi gani. Karne moja na ushei baadaye, afisa wa mizinga wa Ubelgiji, Le Boulengé, alitega nyaya mbili za umeme kwenye njia ya risasi. Ya kwanza ikikatika, fimbo inaanza kuanguka. Ya pili ikikatika, kisu kinafyatuka na kuitia fimbo alama. Mahali pa alama ndipo unaposoma muda.

Kronografu za sensa za mwanga zimerithi mpango huohuo, ila waya umeondoka na kivuli kimeshika nafasi yake. Sensa mbili zinatazama juu. Risasi ikipita, mwanga unapungua kidogo na saa inahesabu. Risasi ya mita 350 kwa sekunde hukata sentimita 30 kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Sasa ukumbini hakuna anga ya kutazama. Tyubulaiti za zamani, kwa umeme wa Marekani, hupepesa mara 120 kila sekunde, na baadhi ya taa za LED za bei ya chini hazina tofauti. Jicho halioni. Sensa inaona, na inakuandikia kasi za ajabu. Taa za infraredi zinazofungwa juu ya sensa hutibu tatizo hilo vizuri, lakini kifaa bado lazima kisimame mita kadhaa mbele ya mstari wa kupigia, mbali na mshindo wa mtutu. Ili ukakiweke, kila mtu aache kupiga, silaha zote ziwe tupu, msimamizi aruhusu. Kumbi nyingi za biashara haziruhusu kabisa mteja kuvuka mstari. Hapo hata ukipewa bure hakikufai.

Kronografu ya kwenye mtutu, MagnetoSpeed, hufungwa chini yake na kuihisi risasi kwa sumaku-umeme, kwa hiyo giza si kitu kwake. Kwa bunduki ndefu naipenda. Kasoro yake ni kwamba uzito ule huhamisha mahali risasi zinapogonga, basi siku ya kupima kasi usitarajie kupima shabaha.

Rada ndiyo iliyokuja kukaa pembeni. LabRadar ya Kanada ilitangulia, boksi kubwa kidogo. Mwaka 2023 ikaja Garmin Xero C1 Pro inayoenea kiganjani, kwa takriban dola 600. Iweke mbele ya ukuta unaotenganisha vibanda, iione njia ya risasi yako, na uchunguze isije ikaandika risasi za jirani. Kwa ukumbi wa kukodi, mimi ningechagua hii.

Lakini je, unaihitaji? Ukinunua risasi za dukani kwa mazoezi tu, azima ya mwenzako. Anayejaza risasi mwenyewe kwa mashindano ya USPSA, chama cha ulengaji shabaha cha Marekani, hana ujanja: uzito wa risasi kwa greni mara kasi kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000, na ukipungua 125 unaendelea kupiga bila alama kuhesabiwa. Risasi ya greni 124 kwa futi 1,020 kwa sekunde inapata 126.5, yaani imepita kwa chupuchupu. Lenga 130. Sababu ni kwamba baruti nyingine hubadilika kasi kwa joto na baridi, na ukumbi wako una hita, ilhali mechi utaipigia nje.