Ujira Usioandikwa: Jinsia na Pato katika Ufuo wa Usenge

Mjadala wa jinsia na malipo aghalabu huelekezwa maofisini. Afisa uhusiano wa kike jijini Nairobi akilipwa chini ya mwenziwe wa kiume kwa kazi yenye thamani sawa, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa pa kusimamia. Mchuuzi wa omena huko Usenge, Kaunti ya Siaya, hana mwajiri. Kifungu hicho hakimfikii.

Pengo lake hutokana na mgawo wa kazi. Wanaume huvua usiku kwa taa, na mashua nyingi ni mali yao. Mwanamke hununua alfajiri, kisha huanika. Mvua ikinyesha, omena huharibika na kuishia kuwa chakula cha kuku. Hasara ni yake, ilhali mvuvi amekwisha kulipwa. Aidha, samaki wanapoadimika, baadhi ya wavuvi hudai ngono ndipo wauze, mtindo uitwao jaboya. (Wapo wauitao utamaduni, kwa maoni yetu, hiyo ni bei.)

Katika ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, baadhi ya wanawake walipata mashua zao katika miaka ya 2010, wakawaajiri wavuvi wa kiume. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliwahamisha.