Kuku wanaliwa usiku? Soma dalili kwanza, ndipo uzibe tundu

Juzi nimepigiwa simu saa kumi na moja na nusu alfajiri na kijana mmoja anayefuga kuku chotara hapa Msata. Hakunisalimia hata. "Bwana mifugo, wamekwisha."

Nilipofika nikakuta kuku 43 wamekufa kati ya 120, na walibakiza wiki mbili tu waende sokoni Dar. Mtaji wenyewe ni wa kukopa kwenye kikundi. Majirani wamejaa uani, kila mtu na jibu lake: huyu anasema chatu, yule anasema kicheche, mwingine anasema ni mambo ya watu. Mwenye kuku tayari ana chupa ya dawa ya kuulia wadudu mkononi, anataka kuipaka kwenye mizoga aiache nje usiku.

Nikamwambia, mdogo wangu, weka hiyo chupa chini. Kwanza tuhesabu.

Tuligeuza kuku mmoja mmoja. Wenye jeraha walikuwa 9 tu. Wale 34 hawakuwa na alama ya jino hata moja, walikuwa wamelundikana kwenye kona. Mnyama aliua 9. Waliobaki waliogopa, wakakimbilia kona moja gizani, wakapandana mpaka wa chini wakakosa hewa.

Hapo ndipo penye somo la leo. Wengi wetu tunajenga banda tukifikiria kuku asitoke. Hatufikirii kwamba kuna mwingine anataka kuingia, na hatufikirii kuku watafanya nini akishaingia.

Dalili zinasemaje asubuhi

Usifagie banda kabla hujaangalia. Mara nyingi mnyama huacha alama:

1. Kuku kadhaa wamekufa, wameng'atwa shingoni au kichwani, na wachache tu ndio wameliwa: fikiria kanu, kicheche au nguchiro. Kuku wakipiga kelele na kurukaruka ndani, wanyama hawa huendelea kuua hata kama wameshiba.
2. Mbao zimeng'olewa, wavu umechanwa au kuna shimo limechimbwa chini ya ukuta: huyo ni nyegere. Ana nguvu na ana kucha za kuchimbia. Lakini angalia nyayo vizuri, hata mbwa wa mtaani huchimba.
3. Kuku wamepungua, hakuna damu wala manyoya: ni chatu au mwizi. Kagua kufuli na nyayo. Kisha angalia kwa makini pembeni na juu ya kenchi, maana chatu akishameza huweza kushindwa kutoka kwenye tundu aliloingilia.
4. Kuku yuko ndani lakini kichwa hakipo: alilala ameegemea wavu, mnyama akamvuta kutokea nje.
5. Vifaranga au kuku anayeatamia wamekufa na wamejaa wadudu: siafu.
6. Hakuna jeraha lolote na hawajalundikana: usimsingizie mnyama. Inaweza kuwa mdondo au ugonjwa mwingine. Mwite mtaalamu.

Kwa yule kijana tulikuta alama za kucha kwenye nguzo, na tawi la mkorosho limelalia bati. Kati ya ukuta na paa kulikuwa na uwazi wa kupitisha kiganja. Kanu hupanda miti vizuri, na mwili wake ni mwembamba. Nikasema karibu hakika ni yeye.

Rekebisha hivi

Wavu mwepesi wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, unazuia kuku tu. Nyegere anauchana. Kuanzia chini hadi mita moja weka wavu mgumu uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi. Kama fedha haitoshi, jenga kozi tatu za tofali chini, wavu uanzie juu yake.

Chimba mtaro wa sentimita 30 kuzunguka banda, shusha wavu humo, ncha yake uikunje kuelekea nje, kisha fukia. Mnyama huanza kuchimba pale pale ukutani, atakutana na wavu.

Ziba uwazi wa juu kwa wavu huo huo. Hapa niwaombe sana: usizibe kwa bati au mbao banda zima. Pwani kwetu joto ni kali. Ukiondoa hewa, utakuwa umemkimbia kanu ukaua kuku kwa joto na harufu ya mkojo.

Kona ziwekee kipande cha mbao au wavu ili ziwe mviringo, kuku wasipate pa kulundikana. Weka vichanja vya kutosha, visigusane na ukuta.

Kata matawi yanayogusa paa. Fyeka nyasi mita tatu hadi tano kuzunguka banda. Mabaki ya chakula yanaleta panya, na panya wanaleta nyoka. Taa inasaidia siku za mwanzo, baadaye wanyama huizoea, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Sumu hapana

Sumu haichagui. Itaua mbwa wa jirani, itaua tai na bundi, inaweza kumfikia mtoto. Kanu mwenyewe anakula panya wengi shambani kwako. Tena kuua mnyamapori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Ukimkuta chatu bandani, toa watu, kisha wasiliana na afisa wanyamapori wa halmashauri. Ukiona mnyama wa porini anazurura mchana bila kuogopa watu, usimguse, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Akikung'ata, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, wahi kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mizoga ya kuku usiuze wala usitupe porini. Ukiitupa unamfundisha mnyama njia ya kurudi. Chimba shimo refu ufukie.

Jioni ya leo

Yule kijana tulifanya naye kazi siku tatu. Kanu alirudi usiku wa pili, tuliona nyayo zake kwenye mchanga, zimezunguka banda mara mbili. Hakupata pa kuingilia. Kuku 77 wapo. Deni halitalipika lote kwa mkupuo, lakini litalipika.

Nawe fanya jaribio hili, halina gharama. Jua likiwa bado juu, ingia bandani, funga mlango, simama katikati kimya. Angalia chini ya mlango, kwenye kona na juu chini ya bati. Kila mahali mwanga unapoingia, pima kwa vidole. Vikipita viwili bila wavu, ziba kabla ya magharibi. Halafu kuku wakishapanda vichanja, wahesabu, funga komeo na kufuli, ndipo ukale.