Tumbo Lisilopona: Je, Ni Klorini?

Wapo wakazi wa kambi wanaofika zahanati mwezi baada ya mwezi na malalamiko yale yale: tumbo linanyonga, limejaa gesi, mara wanaharisha, mara choo ni kigumu. Choo kikipimwa hakina amiba wala minyoo. Wengine husema wamelishwa sumu. Wengine hulaumu klorini ya bombani, kisha hurudi kuteka maji mtoni.

Mara nyingi huu ni ugonjwa wa utumbo mwepesi kusumbuka, ambao waganga huuita IBS. Utumbo hauna kidonda, ila mishipa yake ya fahamu huhisi kupita kiasi. Unatesa kweli, lakini haugeuki kuwa saratani.

Kuhusu klorini, tazama yaliyotokea Walkerton, mji mdogo wa Kanada. Mwezi Mei 2000 mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima cha mji, na klorini haikutiwa ya kutosha. Watu 7 walifariki na wapatao 2,300 waliugua. Miaka 2 hadi 3 baadaye, zaidi ya robo ya waliougua walikuwa na IBS. Kwa wasiougua ni kama mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo wanaokimbilia mtoni wanakimbilia kwenye chanzo chenyewe. Bombani hutakiwa kubaki klorini miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, na harufu yake ni dalili kwamba bado inafanya kazi.

Mbona wengine walipona kabisa? Watafiti walichunguza chembe za urithi za watu wa Walkerton, na mwaka 2010 wakaeleza tofauti katika zile zinazohusika na ulinzi wa utumbo dhidi ya vijidudu. Utafiti wa 2021, wenye wagonjwa zaidi ya 53,000, ulipata sehemu 6 za urithi, kadhaa zikihusiana pia na wasiwasi na huzuni. Si ajabu basi tumbo kuchafuka siku ya habari mbaya kutoka nyumbani. Hata hivyo, urithi ni sehemu ndogo tu ya ugonjwa huu.

Maharage ya mgao yana sukari ambayo utumbo haumeng'enyi, nayo hugeuka gesi. Usiyaache! Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Kuni nazo zitapungua. Usinunue flajili sokoni bila kupimwa. Ukiona damu chooni, homa, kukonda, au maumivu yanayokuamsha usiku, njoo zahanati siku hiyo hiyo.