Marufuku Haibangui Korosho

Kila minada ya korosho inapofunguliwa Mtwara na Lindi, swali ni lile lile: kwa nini serikali isipige marufuku kuuza korosho ghafi nje ili viwanda vyetu vifufuke? Wanaouliza wanaamini viwanda vinakosa korosho. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa kweli, mavuno yaliposhuka chini ya tani 20,000. Lakini msimu wa 2017/18 wakulima walivuna zaidi ya tani 300,000, huku baadhi ya viwanda vilivyojengwa kwa mikopo mikubwa vikiendelea kutumika kama maghala ya kuhifadhia korosho hizo hizo ghafi.

Kinachokwamisha ni fedha na ustadi. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, kwa hiyo korosho hupikwa kwa mvuke, hubanguliwa, hukaushwa, kisha humenywa ngozi nyembamba. Kilo moja ya ghafi hutoa takribani robo kilo ya karanga, yaani punje zilizobanguliwa, mara nyingi pungufu, na punje ikivunjika bei inaporomoka. Anayetaka kubangua mwaka mzima sharti anunue mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi michache ya mnada, kwa mkopo wenye riba nzito. Anashindana na mnunuzi wa Vietnam, ambaye mzigo wetu ukimwishia anapokea wa Afrika Magharibi, mitambo yake isilale. Marufuku haimpi mbanguaji wetu hata shilingi moja ya mtaji. Inachofanya ni kumfukuza mnunuzi mwenye fedha, bei ishuke, na hasara yote abebe mkulima ambaye tayari amepulizia salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga.

Ushahidi upo. Kenya ilipiga marufuku hiyo mwaka 2009, na ukanda wa Kilifi na Kwale haukugeuka kitovu cha ubanguaji. Hapa kwetu, mwishoni mwa 2018 serikali ilinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kwa nia njema ya kumlinda mkulima. Wanunuzi binafsi walikaa pembeni, viwanda vikawa na mzigo wote mbele yao, na bado vilishindwa kuubangua. Sehemu kubwa ililala ghalani, kisha ikatafutiwa wanunuzi ikiwa ghafi vile vile.

Wanaotaja Msumbiji wana hoja nzito. Ushuru wa ghafi uliposhushwa huko miaka ya 1990 kwa shinikizo la Benki ya Dunia, viwanda vilifungwa na maelfu wakapoteza kazi. Sheria ya 1999 iliupandisha tena hadi kati ya asilimia 18 na 22, na ubanguaji ukafufuka Nampula. Lakini huo ni ushuru, nasi tunao: asilimia 15 au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa. Zaidi ya hapo, viwanda vilivyofufuka vilikuwa vidogo, vya kubangulia kwa mikono na mashine rahisi, na serikali ilividhamini benki.

Hapo ndipo msaada uelekezwe. Dhamana ya mikopo ya msimu, itolewe kabla ya Oktoba. Mbanguaji wa ndani atengewe mzigo kwa bei ya mnada, si chini yake. Ruzuku ilipwe kwa tani ya karanga iliyosafirishwa, si kwa kiwanda kilichozinduliwa. Vikundi vya akina mama wabanguaji vipate vyeti vya ubora kwa gharama nafuu, na punje zilizovunjika ziuzwe hapa nyumbani.