Pirogi ndani ya kompyuta



Wengi wametuuliza: «Ninyi wa kundi la Jumamosi, munafanya nini ndani ya kile chumba mpaka jua linashuka? Munaangalia filme?» Hapana, hatuangalii filme. Tunaandika programu, tena tunaunda mifano ya vitu ndani ya kompyuta. Leo tunataka kuwaeleza kazi hiyo ni nini, namna tulivyoianza, na kosa letu moja ambalo hatupendi ninyi mutakaobaki mulirudie.

Tuanze na ukweli. Somo la informatike tulilijua vizuri sana ndani ya daftari. Tuliandika maana ya kompyuta, sehemu zake na aina zake, tukakariri, tukapata pointi. Lakini siku tulipokaa mbele ya mashini yenyewe, mmoja wetu aliyekuwa na 17 juu ya 20 alitafuta herufi M dakika nzima. Hatumlaumu mtu. Kompyuta zinazotumika ni mbili, umeme wetu ni wa jua, na wanafunzi ni wengi. Lakini siku hiyo tuliona kwamba kujua maana ya kitu si kukijua kitu. Mtoto anayefanyiza gari la waya hakuanza kwa kukariri maana ya gurudumu. Alitaka gari litembee. Lilipopinda, alilifungua na kulifunga upya, na leo anajua gurudumu kuliko sisi. Tukasema: na sisi tujitafutie gari letu la waya.

1. KOBE ANAYETII

Tulianza na Logo. Hiyo ni lugha ya kuamuru kompyuta, iliyotungwa Marekani mwaka 1967 na Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria katika Afrika ya Kusini, pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon. Waliitunga kwa ajili ya watoto, na mwaka 1982 watoto wa shule huko Dakar, Senegali, waliijaribu. Katika skrini kuna kobe mdogo. Unamwandikia amri, anatembea na kuacha mstari nyuma yake. Mukimwambia: enda mbele hatua 100, geuka kuume digri 90, rudia mara 4, mutapata mraba. Hiyo ndiyo programu: amri zilizopangwa moja nyuma ya ingine, bila kuruka hata moja.

Kisha tukataka pembetatu yenye pande sawa. Kila mtu anajua pembe zake ni digri 60. Basi tukaandika: enda mbele 100, geuka 60, rudia mara 3. Kobe hakurudi nyumbani! Alichora nusu ya umbo la pande sita, akasimama. Tukafikiri mashini imeharibika. Kisha mmoja wetu akatoka nje, akatembea mwenyewe mchangani kama kobe, na hapo tukaelewa: anayetembea hageuki kwa pembe ya ndani, anageuka kwa pembe ya nje, yaani 120. Tena ukizunguka umbo lolote la namna hiyo mpaka kurudi ulipoanza, umegeuka digri 360 kamili. Kwa hiyo pande 3 ni 120, pande 4 ni 90, pande 6 ni 60. Jiometria hiyo tulikuwa nayo katika daftari tangu zamani, lakini iliingia kichwani siku ile kwa njia ya miguu.

2. PIROGI YENYE TUMBO

Kisha tukachagua kazi kubwa zaidi. Sisi sote hapa Mpala tunasafiri kwa maji, na wote tumesikia habari za pirogi zilizozama kwa kupakizwa kupita kipimo. Tukajiuliza: pirogi moja inaweza kubeba kilo ngapi kabla ya hatari? Wenye vyombo wanajua kwa macho. Sisi tulitaka kujua kwa hesabu.

Ili kuunda mfano ndani ya kompyuta tulitumia Blender, programu ambayo tangu mwaka 2002 iko wazi na bure kwa watu wote. Kazi yake inaanza na nukta. Kila nukta iko na namba tatu: iko mbali kadiri gani kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Unaunganisha nukta kwa mistari, na mistari inafunga ngozi ya kitu. Unaweza kukigeuza na kukitazama hata toka chini.

Tulipima pirogi ya mbao ya fundi mmoja pale ufukoni: urefu meta 6, upana meta 1, kimo nusu meta. Tukachora, tukafurahi, tukamwita aone. Mzee alitazama sana, kisha akasema: «Bana yangu, iyi yenu iko sanduku. Yangu iko na tumbo.» Alikuwa na haki. Tulipima juu tu, hatukupima mwili. Yeye mwenyewe akatuonyesha kulaza kamba toka ukingo mpaka chini, akifuata mbao. Tukapima upya kila nusu meta toka pua mpaka nyuma, yaani fasi 13, na kila fasi nukta 5 za upande mmoja. Hiyo ni nukta 65. Upande wa pili tuliamuru programu iufanyize kama kioo, nayo ikaongeza nukta 52 tu, kwa sababu zile 13 za chini katikati ni za pande zote mbili.

3. TANI 90!

Sasa hesabu. Munakumbuka somo la Arkimede: kitu kinachoelea kinasukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake, na meta kibiki moja ya maji safi ni kilo 1 000. Basi ukijua ni sehemu gani ya pirogi iko chini ya maji, unajua uzito wake wote. Tuliandika programu fupi kwa lugha ya Python: kwa kila fasi tafuta eneo lililo chini ya maji, zidisha kwa nusu meta, jumlisha vyote. Tukataka zibaki sentimeta 20 za mbao juu ya maji. Mashini ikajibu mara moja: tani 90.

Tani 90! Malori mangapi hayo? Lakini mashini haikucheka. Iliandika namba hiyo kwa utulivu uleule ambao ingeandika namba ya kweli. Tulitafuta kosa ndani ya amri jioni mbili, tusilione. Aliyeliona ni dada mmoja wa mwaka wa nane, ambaye tulikuwa tumempa kazi ya kushika daftari la vipimo. Akasoma, akasema: «Ba yaya, pirogi gani iko na meta mia ya upana? Itafunga mdomo wa Lufuko!» Kumbe urefu na kimo tuliviandika kwa meta, upana tukauandika kwa sentimeta. Tulipoonyesha 1 pahali pa 100, ikatoka kilo 900. Pirogi tupu, kwa alama ya maji iliyo juu ya mbao zake, ni karibu kilo 250. Basi zinabaki kilo 650 za watu na mizigo pamoja.

Lakini je, ni kweli? Kwa ruhusa ya Bwana Prefe, tulipima uzito wa wanafunzi kumi: jumla kilo 520. Wakaingia ndani ya pirogi iliyofungwa kamba, fasi ambapo maji hayapiti kiuno, siku isiyo na upepo, mwalimu akiwa pale. Programu ilisema pirogi itaingia sentimeta 27. Rula ilisema 29 upande wa nyuma, juu wakubwa wote walikwenda kukaa nyuma. Tuliporudi darasani hakuna aliyezungumza habari za pointi.

Ndugu, muelewe vizuri: kilo 650 ni za pirogi ile moja, na za maji yaliyotulia. Ziwa letu likiamka, hesabu hiyo hailindi mtu. Mutu asiseme «kundi la Jumamosi waliruhusu». Tulichojifunza ni hiki: kompyuta inajua kuhesabu, haijui pirogi. Anayejua pirogi ni mzee, na ni wewe unayekwenda kupima. Kwa hiyo chagueni kazi ya kitu munachoweza kukigusa, kusudi mashini ikikosa mujue kwamba imekosa.

Wengine wamefanya hivyo kwa kazi kubwa kupita yetu. Huko Dar es Salaam, tangu mwaka 2015, katika kazi inayoitwa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wenyeji walitembea katika mitaa inayojaa maji wakati wa mvua. Waliandika mifereji, njia na nyumba, wakaziweka katika ramani ya OpenStreetMap iliyo wazi kwa wote, na vipimo hivyo vikasaidia kuhesabu ni fasi gani mafuriko yatafika. Wao pia walianza kwa miguu.

4. KOSA LETU

Sasa kosa tulilolisema. Kwa miezi mingi, vijana wanne tu, sisi wa mwaka wa mwisho, ndio tuliogusa klavye. Wadogo walisimama nyuma, na wadada walipewa daftari. Tulisema: «Umeme ni kidogo, wanaojua watumie.» Lakini wanaojua walijua namna gani? Kwa kugusa. Na yule aliyevumbua kosa letu hakuwa amegusa mashini hata mara moja. Tena Kinshasa, roboti zilizoanza kuongoza magari katika barabara mwaka 2013 zilitokana na kazi ya kundi lililoongozwa na mama mhandisi, Thérèse Izay Kirongozi. Tungemweka nyuma na daftari yeye pia?

Tumebadilisha desturi. Wanakaa wawili wawili, dakika 20, mmoja anaandika, mwenzake anasoma vipimo na kutafuta kosa, kisha wanabadilishana. Wa mwaka wa saba na wa nane wanatangulia, kwa sababu wao watabaki.

5. NAMNA YA KUANZA

Usingoje kompyuta. Chukua karatasi ya miraba, uchore kitu cha kwenu toka juu, toka ubavuni na toka mbele: kiti, chungu, nyumba ya kuku. Kata karatoni, ukiunganishe. Bodys Isek Kingelez, aliyekufa mwaka 2015, alifanyiza miji mizima kwa karatoni na karatasi huko Kinshasa, na mwaka 2018 jumba kubwa la sanaa la New York liliionyesha. Kazi za kobe pia unaweza kuziandika katika daftari na kumtembeza mwenzako uwanjani: yeye atii tu, asikusaidie. Akifika penye ukuta, kosa ni lako. Ukija Jumamosi, uje na vipimo mkononi.

Sisi wa mwaka wa mwisho tuko mbele ya Mtihani wa Serikali, na kisha tutaondoka. Daftari la vipimo tumeliacha mikononi mwa yule dada wa mwaka wa nane, na sasa klavye pia iko yake. Ukurasa wa mwisho tumeandika kazi ambayo hatukuimaliza: ikiwa watu wote watakaa upande mmoja, pirogi italala kadiri gani kabla ya maji kuingia? Atakayepata jibu atuandikie, popote tutakapokuwa.



Kiongozi wa wanafunzi,
kwa niaba ya kundi la Jumamosi, Mpala