Baridi ya Nani? Neno "Wastani" katika Lugha ya Utabiri wa Kipupwe na Msikilizaji wa Temeke na Kinondoni

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna lugha ya utabiri wa msimu wa kipupwe nchini Tanzania inavyofanya kazi na mahali inapoweza kumpotosha msikilizaji. Hoja kuu ni kwamba neno wastani hubeba maana tatu za kitaalamu katika taarifa za aina hii, ilhali maana ya nne, ile ya mazungumzo ya kila siku, ndiyo humfikia kwanza mkazi wa Mbagala au Bunju. Baada ya kuuchunguza msamiati wa baridi katika Kiswahili, makala yanazichambua maana hizo, yanaonesha athari zake kwa wakulima, wafanyabiashara na wavuvi, na kupendekeza namna ya kuzitenganisha.

1.0 Utangulizi

Kila mwaka msimu wa kipupwe unapokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa ya mwelekeo wa baridi, upepo na mvua kwa miezi ya Juni, Julai na Agosti. Taasisi hii ilianza kazi kama wakala wa serikali mwaka 1999, kisha Sheria Na. 2 ya mwaka 2019 ikaipa hadhi ya mamlaka kamili. Taarifa zake husomwa redioni na kwenye televisheni, na husambazwa kwa simu. Kwa maana hiyo, ni miongoni mwa matini za kitaalamu zinazowafikia wasikilizaji wengi zaidi kwa Kiswahili.

Hata hivyo, wataalamu wa lugha hawajaishughulikia sana matini hii. Huenda ni kwa sababu huonekana nyepesi: sentensi zake ni fupi, miundo yake hurudiarudia, na maneno yake yote yanajulikana. Makala haya yanashikilia kwamba ugumu wake umo katika kujulikana huko. Neno lisilojulikana humfanya msikilizaji aulize maana yake. Neno analodhani analijua halimfanyi aulize chochote.

2.0 Msamiati wa baridi katika lugha ya pwani

Kiswahili kilikulia pwani, na kalenda yake ya asili ni kalenda ya pepo na mvua. Kaskazi huvuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili na kuendelea hadi karibu na Septemba. Pepo hizi ni muhimu kiasi kwamba zimeipa lugha majina ya pande mbili za dunia: kusini ni kusi pamoja na kiambishi cha mahali -ni, na kaskazini ni kaskazi pamoja na kiambishi hichohicho. Katikati ya msimu wa kusi ndipo kinapoingia kipupwe.

Kipupwe cha pwani si kikali. Jijini Dar es Salaam, joto la chini la mwezi Julai huwa karibu na nyuzi 18 au 19 za Selsiasi, na mchana hufika nyuzi 28 au zaidi. Watu huvaa sweta asubuhi na kuzivua kabla ya adhuhuri. Neno hilohilo, hata hivyo, hutumika kwa msimu huohuo katika Nyanda za Juu Kusini, ambako usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Katika uwanda wa Kitulo, wilayani Makete, wenye mwinuko wa takribani mita 2,600 na zaidi kutoka usawa wa bahari, umande unaweza kuganda juu ya majani alfajiri. Kwa hiyo jina moja la msimu linataja hali mbili za maisha zilizo mbali sana.

Umande ulioganda una majina katika kamusi: sakitu na jalidi. Lakini maneno haya hayasikiki sana mitaani, na badala yake hutumika barafu. Neno hili lina safari ndefu. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya theluji, ambalo lilipita katika lugha za Bara Hindi na kupata maana ya maji yaliyoganda. Kwa mkazi wa Temeke, barafu ni kitu kitokacho kwenye friji: donge la kuhifadhia samaki, au kifuko cha juisi iliyoganda ambacho watoto huinunua dukani. Akisikia kwamba "barafu imeunguza viazi", hana budi kujenga picha mpya kabisa. Theluji, neno lenye asili ya Kiarabu, nayo kwa Mtanzania wa kawaida ni kilemba cha Kibo kinachotazamwa kwa mbali.

Umbali huu huonekana pia katika tafsiri. Idhaa za Kiswahili zilizoanzishwa katika nchi za baridi, kama ile ya BBC iliyoanza mwaka 1957 na ile ya Deutsche Welle iliyoanza mwaka 1963, hulazimika kueleza hali ya vijiji vilivyofunikwa na theluji kwa wasikilizaji ambao wengi hawajawahi kuikanyaga. Mvua hunyesha, theluji, kwa matumizi ya wengi, huanguka. Msimu wenyewe huitwa majira ya baridi, lakini wapo wanaouita kipupwe. Uteuzi huu wa pili una kasoro mbili. Kwanza, majira ya baridi ya Ulaya huwa Desemba hadi Februari, wakati Dar es Salaam inapopata joto kali. Pili, msomaji wa Kinondoni huhamisha sweta lake la asubuhi hadi mahali ambapo baridi inaweza kuua mtu aliyelala nje. Kosa hili la tafsiri ni dalili ya tatizo pana zaidi: maneno ya baridi hayana kipimo ndani yake. Kipimo hutoka kwa msikilizaji na mahali alipo.

3.0 Maana tatu za neno moja

Mifano ifuatayo imeundwa na mwandishi kwa kufuata muundo wa taarifa za hali ya hewa zinazotolewa nchini.

(1) Baridi ya wastani inatarajiwa katika maeneo ya Nyanda za Juu Kusini.
(2) Uwezekano wa kutokea: wastani.
(3) Kiwango cha athari: wastani.

Katika mfano (1), wastani ni istilahi ya takwimu. Wataalamu huchukua kumbukumbu za mahali fulani kwa miaka 30. Kipindi kinachotumika sasa kimataifa ni 1991 hadi 2020. Tukiipanga miaka hiyo kuanzia wenye baridi zaidi hadi wenye joto zaidi, tunaweza kuigawa katika mafungu matatu ya miaka 10 kila moja. Fungu la katikati ndilo wastani. Hivyo "baridi ya wastani" haina maana ya baridi ndogo. Maana yake ni baridi ambayo mahali pale pamezoea kuipata. Kwa Makete, mazoea hayo yanaweza kuwa pamoja na alfajiri za sakitu.

Katika mfano (2), wastani hauhusu baridi wala miaka 30. Unahusu imani ya mtabiri: jambo linaweza kutokea, wala si la kupuuzwa, lakini hakuna hakika kubwa. Katika mfano (3), neno linahama tena na kupima madhara: baadhi ya makazi kuzingirwa na maji, shughuli za uvuvi kusimama, au usafiri kuchelewa.

Maana ya nne ndiyo ya mitaani. Tunaposema mtu ana "maisha ya wastani" au mwanafunzi amepata "alama za wastani", tunamaanisha hali inayovumilika, isiyohitaji hatua ya haraka. Asili ya neno, ambayo ni Kiarabu chenye maana ya kati, inaruhusu maana zote nne. Lakini mkusanyiko wake unavunja kanuni inayofahamika katika uundaji wa istilahi, kwamba ndani ya taaluma moja dhana moja ipewe istilahi moja, na istilahi moja ibebe dhana moja. Msikilizaji anayesikia wastani mara tatu katika dakika moja ana haki ya kudhani kwamba anaambiwa jambo moja mara tatu, nalo ni kwamba hakuna la kuhofia.

4.0 Kutoka Makete hadi Tandika

Inaweza kuulizwa: baridi ya Makete inamhusu nini mkazi wa Temeke? Jibu liko kwenye gunia la viazi mviringo. Sehemu kubwa ya viazi vinavyoliwa Dar es Salaam hutoka Nyanda za Juu Kusini, ikiwemo Njombe. Sakitu ikiunguza majani ya viazi, mavuno hupungua, na mapungufu hayo husafiri kwa lori hadi masoko kama la Tandika. Muuza chipsi wa Mbagala Rangi Tatu huyaona katika bei ya gunia. Laiti angejua kwamba "baridi ya wastani" ya Makete ni baridi inayoweza kuunguza zao, angepanga mtaji wake mapema. Vivyo hivyo mkulima angeamua kwa wakati shamba lipi apande na lipi aliache.

Upande wa Kinondoni, suala ni upepo. Katika miezi ya kipupwe, mgandamizo mkubwa wa hewa kusini mwa Bahari ya Hindi husukuma hewa ya baridi na upepo kuelekea pwani yetu. Ndiyo maana kipupwe na kusi ni ndugu. Taarifa za tahadhari hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Hapa lugha inafanya kazi vizuri zaidi, kwani mvuvi wa Kunduchi anajua wimbi la mita 2 linavyoweza kuifanya ngalawa. Namba imesimama mahali pa kivumishi, na kila msikilizaji anaweza kuipima kwa mwili wake na chombo chake. Lakini taarifa hiyohiyo inapoongeza kwamba uwezekano ni wa wastani, ukungu hurudi.

Hatari ya ukungu huo si ya kipupwe peke yake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini Dar es Salaam, na baadhi ya waliokuwa wakiishi katika bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni. Makala haya hayadai kwamba maafa yale yalisababishwa na neno. Umaskini, makazi ya mabondeni na ukubwa wa mvua vina nafasi yao. Yanachosema ni kwamba anayeishi kando ya mto hupewa saa chache za kuamua kuhama au kubaki, na maneno ya taarifa ni sehemu ya vitu vichache alivyo navyo vya kuamulia.

5.0 Utabiri, mwelekeo na kutarajiwa

Maneno mengine matatu huongeza uzito wa tatizo. Utabiri linatokana na kutabiri, neno linalohusishwa tangu zamani na ndoto na mambo ya ghaibu. Mtabiri wa namna hiyo husema litakalokuwa; akikosea, ni mwongo. Mtaalamu wa hali ya hewa husema linaloelekea kuwa, na hata likikosa kutokea huenda hakukosea. Kwa hiyo mvua isiponyesha, lawama ya mitaani kwamba "wametudanganya" ina mantiki yake ya kisemantiki. Neno mwelekeo, linalotumika kwa taarifa za msimu mzima, ni bora zaidi kwa kuwa lina picha ya njia ambayo bado haijafika mwisho.

Kitenzi inatarajiwa nacho kimejificha katika kauli ya kutendwa. Hakisemi nani anatarajia, wala kwa kiasi gani. Zaidi ya hayo, katika matumizi ya kawaida kutarajia hukaribiana na kutumaini: tunatarajia mgeni, tunatarajia mshahara. "Mawimbi makubwa yanatarajiwa" ni sentensi sahihi kisarufi, lakini imebeba ukarimu usiostahili kupewa wimbi. Kitenzi huweza, au kielezi huenda, vingeibeba shaka hiyo waziwazi zaidi.

Kinyume na hayo, ngazi za tahadhari zimepangwa kwa ustadi. Angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa hupanda kwa utaratibu unaosikika, na rangi ya njano, chungwa na nyekundu huusaidia. Mfano huu unaonesha kwamba Kiswahili hakikosi uwezo wa kupanga viwango. Kinachohitajika ni uamuzi.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonesha kwamba wastani ni neno moja linalofanya kazi tatu za kitaalamu mbele ya msikilizaji mwenye maana yake ya nne. Yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, kwa kipimo cha kumbukumbu za miaka 30 litumike kawaida ya mahali: "baridi ya kawaida kwa Makete". Kawaida nayo ni neno la mitaani, lakini humlazimisha msikilizaji kuuliza, "Kawaida ya wapi?", na hilo ndilo swali linalotakiwa. Pili, kwa shaka ya mtabiri litumike uwezekano wa kati, ili wastani ubaki kwa kiwango cha athari pekee. Tatu, pale namba inapopatikana, itangulie kivumishi: "joto la chini ya nyuzi 5, ambalo ni la kawaida kwa mahali hapa".

Kazi hii ni ya pamoja kati ya wanahali ya hewa na Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo tangu mwaka 1967 limepewa jukumu la kusimamia maendeleo ya lugha hii. Kabla ya istilahi hizi kusanifiwa, zipimwe kwa kuwauliza wanaozitegemea: mkulima wa Makete, mvuvi wa Kunduchi na muuza chipsi wa Mbagala, kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichoambiwa. Maelezo yao yakilingana na yale ya mtabiri, taarifa imefika. Yakitofautiana, basi taarifa imesikika tu, na kila mmoja amebaki na baridi yake.