Sinema za Habari za Biblia: Namna Zinavyotengenezwa na Namna ya Kuzitazama



Ndugu wasikilizaji wapenzi, ninyi mliobatizwa na ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo, katika masomo yaliyopita tulieleza sanamu na picha takatifu: msalaba ukutani, picha ya Bikira Maria, vituo vya Njia ya Msalaba kanisani. Leo twataka kueleza picha za namna nyingine, yaani picha zinazotembea na kusema, ambazo watu huziita sinema.

Huenda jioni moja gari litafika kijijini kwenu, likichukua mashine ya umeme na kitambaa cheupe kipana. Giza likiisha kuingia, wote wataketi chini, nao watamwona mtu mwenye kanzu ndefu akitembea kando ya ziwa, akiwagusa wakoma, kisha akipigwa na kutundikwa msalabani. Watoto watalia. Wazee watafanya ishara ya msalaba. Mmoja atasimama na kusema: "Sasa nimemwona Bwana Yezu kwa macho yangu mwenyewe." Je, amesema kweli? Hilo ndilo swali la somo letu.

1. Sinema ni kitu gani?

Sinema ni picha nyingi sana zipitazo upesi mbele ya macho, kwa desturi picha 24 katika kila sekunde. Kwa kuwa jicho haliwezi kuzitenga, twadhani twaona mtu anayetembea. Watu wale ni wachezaji. Aliyepigwa misumari hakupigwa misumari; damu ile ni rangi; na kazi ya siku ilipokwisha, alivua taji ya miiba akaenda kula chakula chake pamoja na yule aliyecheza Yuda. Yuda huyo naye si msaliti, asichukiwe njiani.

Basi, yule mtu aliyesema amemwona Bwana hakusema uongo kwa kusudi, lakini amekosea. Alichokiona ni mfano wa Bwana, kama vile msalaba wa mti ulio juu ya altare ni mfano. Mwaka 787, Maaskofu waliokusanyika katika Mtaguso wa Pili wa Nicea walifundisha kwamba heshima tunayoipa picha haibaki katika ubao na rangi, bali humwendea yule aliyechorwa. Fundisho hilo lafaa hata kwa picha ya sinema.

Tena Kanisa halikuikataa kazi hii mpya. Baba Mtakatifu Pio XI aliandika barua juu ya sinema mwaka 1936. Pio XII akaandika juu ya sinema, radio na televisheni mwaka 1957. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa mafundisho yake tarehe 4 Desemba 1963. Mapapa hao na Mtaguso huo waliona jambo moja: chombo hiki kina nguvu nyingi juu ya moyo wa mtu, kwa hiyo chaweza kumwinua na chaweza kumpoteza.

2. Namna tatu za kutafuta ukweli

Watengenezaji wa sinema za Biblia hutamani watazamaji waseme: "Naam, ndivyo ilivyokuwa." Wameutafuta ukweli huo kwa njia mbalimbali, tutazame tatu.

Njia ya kwanza ni kwenda katika nchi yenyewe. Mwaka 1912 Wamarekani walisafiri hadi Misri na Palestina, wakapiga picha za maisha ya Bwana tangu holini hata msalabani. Katika sinema iliyotoka mwaka 1979, ambayo hufuata Injili ya Luka, picha zilipigwa pia katika nchi ya Israeli. Sinema hiyo ilitengenezwa na ndugu zetu wa makanisa mengine, na imekwisha kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000.

Njia ya pili ni kutafuta lugha na majeraha. Katika sinema ya Mel Gibson ya mwaka 2004 juu ya Mateso ya Bwana, wachezaji husema Kiaramu, lugha ya Bwana mwenyewe, pamoja na Kilatini na Kiebrania. Na mapigo huonyeshwa kwa ukali hata watu wazima hufumba macho. Tujue kwamba si yote yaonekanayo humo yametoka katika Injili. Mengine yametoka katika maandiko yaliyokusanywa juu ya njozi za Mwenye Heri Anna Katharina Emmerick, mtawa wa Ujerumani. Mkristu aweza kuyatafakari, lakini halazimiki kuyasadiki kama asadikivyo Injili.

Njia ya tatu yatuhusu sisi wa Katanga zaidi ya zile mbili. Tuisikilize kwa uangalifu.

3. Mateo katika nchi ya maskini, na sauti za Kamina

Katika mwezi wa Oktoba 1962, Mwitalia mmoja jina lake Pier Paolo Pasolini alikuwa mjini Assisi. Alikuwa mwandishi na mtengenezaji wa sinema, mfuasi wa mafundisho ya Marx, wala hakuwa mtu wa kusadiki. Siku hizo Papa Yoane XXIII alikuwa akizuru mji huo, na njia zote zilijaa watu. Pasolini alibaki chumbani, akachukua Injili iliyokuwapo, akaanza kuisoma. Alipomaliza Injili ya Mateo, wazo la kuifanyia sinema lilikuwa limemshika.

Mwaka 1963 alikwenda Palestina pamoja na padri, Andrea Carraro, kutafuta mahali pa kupigia picha. Hakupata alichokitaka, kwa maana nyumba mpya na viwanda vilikuwa vimeenea mahali pengi. Akarudi Italia, upande wa kusini, kwenye nchi kavu yenye mawe na watu maskini. Mji wa Matera, wenye nyumba zilizochimbwa katika mwamba, akaufanya Yeruzalemu. Katika mapango yale watu walikuwa wameishi vizazi vingi pamoja na wanyama wao.

Hakutafuta wachezaji mashuhuri. Wengi aliowachagua walikuwa wakulima na watu wa kawaida, nyuso zimeunguzwa na jua, meno yamepungua. Nafasi ya Bwana alimpa kijana mwanafunzi kutoka Hispania, Enrique Irazoqui, ambaye hakuwa mchezaji. Nafasi ya Bikira Maria katika umri wa uzee alimpa mama yake mwenyewe, Susanna. Mama huyo alikuwa amempoteza mwana mwingine, Guido, aliyeuawa katika vita mwaka 1945. Kwa hiyo mama anayelia chini ya msalaba katika sinema ile aliyajua maumivu ya kumzika mwana.

Na maneno je? Pasolini hakumtungia Bwana maneno mapya. Yale tuyasikiayo ni ya Mateo. Mahali ambapo Mwinjili amenyamaza, sinema nayo hunyamaza, na nyuso tu huonekana.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika mji wa Kamina, ambao siku hizi ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, palikuwa na padri Mfransisko, Guido Haazen, Mbelgiji. Alikusanya kwaya ya watoto wa kiume wapata 45 na walimu wapata 15. Mwezi Machi 1958 waliimba kwa mara ya kwanza Misa waliyoiita Missa Luba. Maneno yalikuwa yale ya Kilatini ya Misa Takatifu, lakini sauti, ngoma, na namna ya kuanzisha na kuitikia zilikuwa za wazee wetu. Mwaka huohuo kwaya ilisafiri Ulaya, na Misa yao ikatiwa katika sahani za santuri.

Pasolini aliusikia wimbo wa Gloria katika Misa ile, akautia katika sinema yake ya mwaka 1964. Mwishoni, jiwe la kaburi linapoanguka na kaburi kuonekana tupu, hausikiki muziki wa Ulaya. Zasikika sauti za watoto wa Kamina na ngoma zao, zikimtukuza Mungu aliye juu. Sinema hiyo ilipewa zawadi mjini Venezia mwaka huohuo, pamoja na zawadi ya chama cha Wakatoliki wa sinema; nayo iliwekwa kwa heshima ya Papa Yoane XXIII, aliyekuwa amekwisha kufariki. Mwaka 1995 Vatikano iliitaja katika orodha ya sinema 45 zenye thamani.

Twajifunza nini? Kwanza, ukweli wa sinema ya Biblia hautegemei mavazi peke yake, wala wingi wa damu. Kulishika neno kwa uaminifu, na kuonyesha mtu kama alivyo, njaa yake na machozi yake, hayo hufanya kazi kubwa zaidi. Pili, Habari Njema si mali ya taifa moja. Furaha ya Pasaka ilipohitaji sauti, sauti hiyo ilitoka kwetu.

4. Je, uso ule ni wa Bwana?

Wengine huuliza: "Mbona Yezu wa sinema ni Mzungu? Je, Mungu ni wa kabila lao?" Swali hili lisidharauliwe, kwa maana laweza kumrudisha mtu nyuma katika imani. Jibu ni hili: yule wa mwaka 1979 alikuwa Mwingereza, yule wa Pasolini alikuwa Mhispania, yule wa mwaka 2004 alikuwa Mmarekani. Bwana wetu Yezu Kristu hakuwa mmoja wa hao. Alizaliwa Myahudi, akalelewa Nazareti katika Galilaya, na hakuna picha yake iliyoachwa na Mitume. Wainjili hawakueleza kimo chake wala macho yake. Kwa hiyo usiseme: "Bwana ana uso huu."

Waafrika nao wamefanya kazi hiyo. Mwaka 1999 Cheick Oumar Sissoko wa Mali alitengeneza sinema juu ya Yakobo na Esau kutoka kitabu cha Mwanzo, akiwaonyesha kama wafugaji na wawindaji wa Afrika. Ugomvi wa ndugu wawili juu ya urithi, nani kwetu hawezi kuuelewa? Na katika sinema ya Afrika ya Kusini ya mwaka 2006, maisha ya Bwana yameonyeshwa kana kwamba yametukia katika nchi ya Afrika ya siku hizi, kwa lugha ya Kixhosa.

5. Yale ambayo sinema haiwezi

Sinema yaweza kuonyesha maji ya Yordani. Neema haiwezi kuionyesha. Yaweza kuonyesha mkate mezani. Haiwezi kutupa Mwili wa Bwana. Na Ufufuko wenyewe, ni nani aliyeuona? Injili hazisemi kwamba mtu yeyote aliona Bwana akitoka kaburini. Wanawake walikuta kaburi tupu, kisha Bwana mwenyewe akawatokea. Ndiyo maana sinema yenye busara huonyesha jiwe na kaburi, ikanyamaza juu ya fumbo lenyewe.

Kumbukeni habari ya Toma. Yeye alitaka kuona na kugusa, na Bwana akamhurumia; lakini aliwaita wenye heri wale wanaosadiki bila kuona. Wenye heri hao ndio sisi. Imani yetu imeingia kwa masikio, kwa njia ya mkatekista anayesoma chini ya mwembe, na haipungui kwa kukosa sinema.

6. Namna ya kuitazama

Kabla ya kutazama, someni pamoja sura ya Injili inayohusika. Wakati wa kutazama, wakubwa wakae karibu na watoto wadogo, na pasipo na lazima watoto wasionyeshwe mapigo makali. Baada ya kutazama, msitawanyike upesi. Mkatekista aulize: Ni lipi tulilolikuta katika Injili? Ni lipi lililoongezwa? Ni lipi lililoachwa? Na nyumbani kwangu, ni nini kitabadilika?

Ninyi vijana wa Lubumbashi, wa Likasi na wa vijijini, mnaocheza Mateso ya Bwana siku ya Ijumaa Kuu na kuyapiga picha kwa simu, kazi yenu ni njema. Lakini msiongeze maneno ya kuwachekesha watu, msimpige kweli mwenzenu kwa kisingizio cha kuonyesha ukweli, wala msiwaigize Wayahudi kwa chuki. Kanisa limekataza kuwahesabia Wayahudi wote hatia ya kifo cha Bwana. Anayecheza Simoni wa Kirene auchukue msalaba ule kisha, kesho yake, amsaidie jirani mgonjwa kuchota maji. Hapo mchezo utakuwa umezaa tunda.

Maswali ya kushika moyoni

Swali: Je, mchezaji wa sinema ni Bwana Yezu?
Jibu: Sivyo. Ni mtu kama sisi, anayetuonyesha mfano wa Bwana.

Swali: Je, kila jambo lililo katika sinema limo katika Injili?
Jibu: Sivyo. Hatuna budi kulipima kwa Injili na kwa mafundisho ya Kanisa.

Swali: Tukitaka kukutana na Bwana mwenyewe, tumtafute wapi?
Jibu: Katika Neno lake, katika Sakramenti zake, na katika maskini aliye mlangoni petu.

Tuombe: Ee Bwana, safisha macho yetu yatazame mema, fungua masikio yetu yasikie Neno lako, utujalie siku moja kukuona kweli, uso kwa uso, katika utukufu wako. Amina.